Daftari la wanaotafuta kazi: kutoka kipande hadi kisanduku cha "Nyinginezo"

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na wale mlioniandikia kuuliza kama nimestaafu, asanteni, bado nipo. Nilikuwa nikifukua diski za zamani, na katika moja nikakutana na programu niliyoiandika miaka mingi iliyopita kwa ajili ya ofisi moja ya kuwatafutia watu kazi hapa Nairobi (jina lake tuliache). Kazi niliyopewa ilisikika rahisi mno. Upande huu kuna watu wanaotafuta kazi, upande ule kuna waajiri wanaotafuta watu; andika kitu kiwakutanishe. Majedwali mawili, ulinganisho mmoja, malipo mwisho wa mwezi.

Malipo yalichelewa, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Kilichonirudia nilipoifungua tena programu ile ni kisanduku kimoja kwenye fomu. Kiliuliza: kazi yako ni ipi? Chini yake kulikuwa na orodha ya kuchagua: karani, mhasibu, dereva, mlinzi, mpishi, fundi wa umeme, na mwisho kabisa "Nyinginezo". Orodha hiyo niliinakili kutoka kwa karatasi niliyopewa, wala sikuuliza swali.

Siku tulipoijaribu na watu halisi, alikuja mzee mmoja aliyekuwa akichomelea milango na madirisha. Pia alipaka rangi nyumba. Kazi ikikosekana alikata mabati akatengeneza jiko la makaa, na mvua ikinyesha alirudi Machakos kulima. Kijana aliyekuwa kwenye kibodi alimtazama, akaitazama orodha, akabofya "Nyinginezo". Programu yangu ikatafuta mwajiri anayehitaji "Nyinginezo". Hapakuwa na hata mmoja. Msimbo ulifanya kazi sawasawa, haukulalamika hata kidogo, na mzee akaambiwa tutampigia simu.

Wakati huo nilidhani ni dosari ndogo ya orodha. Sasa, baada ya kusoma historia kidogo, naona nilikuwa nikirudia kosa ambalo nchi hii imelirudia kwa zaidi ya miaka mia moja. Tatizo letu la kukutanisha wafanyakazi na kazi halijawahi kuwa hasa katika hesabu ya kuwakutanisha. Limekuwa katika daftari lenyewe: nani analiandika, nani ana ruhusa ya kulisoma, na ni kazi zipi zilizopewa jina humo.

Tuanze na hesabu ili tuimalize, maana ndiyo sehemu wanayoipenda waandishi wa programu. Mwaka 1962 wanahisabati wawili wa Marekani, David Gale na Lloyd Shapley, walichapisha makala fupi kuhusu namna ya kulinganisha wanafunzi na vyuo, au wachumba na wachumba. Kanuni yao unaweza kumweleza shangazi yako. Kila mwombaji anabisha mlango wa mwajiri anayempenda kuliko wote. Mwajiri anamshikilia kwa muda aliye bora kati ya waliobisha, wengine anawaachilia. Walioachiliwa wanakwenda mlango wa pili katika orodha yao. Mwajiri akipata aliye bora zaidi anamwachilia yule wa kwanza, naye anaendelea na safari. Hivyo hivyo hadi hakuna tena wa kubisha. Mwishowe hutapata mwombaji na mwajiri ambao wote wawili wangetamani kuwaacha waliopangiwa ili wawe pamoja.

Mwaka 1984 Alvin Roth alionyesha kwamba mfumo wa kuwapangia hospitali madaktari wapya wa Marekani, uliokuwa ukitumika tangu miaka ya mwanzo ya 1950, ulikuwa ukifuata kanuni kama hiyo hiyo kabla Gale na Shapley hawajaiandika. Roth na Shapley wakapewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012. Kuna jambo moja dogo la kukumbuka: anayebisha ndiye anayefaidika. Kwa miongo mingi mfumo ule wa madaktari uliwapa hospitali nafasi ya kubisha. Ulibadilishwa madaktari ndio wabishe ulipofika mwaka 1998. Hesabu ni ile ile, lakini upande unaoanza ni mwingine.

Mfumo ule unafanya kazi kwa sababu daktari anajulikana kuwa daktari, hospitali inajulikana kuwa hospitali, na kila mmoja ana karatasi. Sasa turudi nyumbani.

Daftari la kwanza kubwa la wafanyakazi katika Kenya lilikuwa kipande. Walowezi walikuwa wamechukua ardhi kubwa na walitaka watu wa kuifanyia kazi katika kahawa na mkonge, na malalamiko yao yalikuwa yale yale kila mwaka: hakuna wafanyakazi. Ukweli ni kwamba watu walikuwapo, ila walikuwa na mashamba yao na mifugo yao. Kodi ya nyumba iliwasukuma watoke kutafuta fedha. Tume ya kazi ya 1912 hadi 1913 ilisikiliza malalamiko ya waajiri, na mwaka 1915 ikapitishwa sheria ya kuwasajili Waafrika. Vita vya Kwanza vya Dunia viliichelewesha, kwa hiyo utekelezaji ulianza mwaka 1919 na 1920.

Kila mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka kama 16 alitakiwa kubeba cheti kilichotiwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Ndani yake mliandikwa jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na kuacha kazi, mshahara aliolipwa. Nakala ya kumbukumbu iliwekwa Nairobi. Kufikia mwaka 1931 vilikuwa vimetolewa vipande zaidi ya milioni moja. Kwa jicho la mtu wa tarakilishi, ile ni hifadhidata ya kitaifa ya nguvukazi, yenye utambulisho wa vidole, miongo kadhaa kabla ya tarakilishi yoyote kuingia nchini. Walioijenga hawakuwa wajinga hata kidogo.

Lakini hebu tazama safu za jedwali hilo. Hakuna safu ya "anachotaka". Mtu anaulizwa alikuwa kwa nani, haulizwi anataka kwenda wapi. Safu ya mshahara ilikuwa na kazi yake: mwajiri mpya alifungua kipande akaona yule wa kwanza alilipa shilingi ngapi, basi hakuwa na sababu ya kutoa zaidi. Fikiria unakwenda kuomba kazi leo na hati zako zote za malipo zimening'inia shingoni.

Halafu kulikuwa na sahihi. Mwajiri alipaswa kutia sahihi kwamba amemwachilia mfanyakazi. Bila sahihi hiyo, huyo mtu hesabuni bado ni wa bwana wa kwanza. Mwajiri mwingine hakutakiwa kumchukua, na akiondoka ni kosa la jinai. Wenzangu wa programu mnajua rekodi inapofungwa na mtumiaji mmoja akaenda nyumbani bila kuifungua: wengine wote wanasubiri. Kwetu ni kero ya asubuhi moja, na msimamizi anaifungua. Kwa mtu wa mwaka 1925 mwenye ufunguo alikuwa mlowezi mmoja, na aliyesubiri alikuwa binadamu mwenye kodi ya kulipa.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1921 walowezi walipotaka kupunguza mishahara kwa theluthi moja, kipande na kodi vilikuwa tayari vimewachosha watu, na Harry Thuku akaanza kuwakusanya. Alikamatwa Machi 1922. Tarehe 16 mwezi huo umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mmoja wa waliosimama mbele, na polisi wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliokufa. Walioshuhudia walitaja idadi kubwa zaidi. Kipande chenyewe kiliendelea kwa miaka mingine 25, hadi sheria ya mwaka 1947 ilipoanzisha usajili wa watu wa rangi zote. Neno halikufa, lakini. Hata leo kitambulisho wengi wetu tunakiita kipande bila kufikiria.

(Kando kidogo: Uingereza nayo ilifungua ofisi za kuwakutanisha wafanyakazi na waajiri tarehe 1 Februari 1910, chini ya waziri aliyeitwa Winston Churchill, William Beveridge akiwa ndiye mpangaji. Huko mfanyakazi aliingia mwenyewe kwa hiari yake, akatazama nafasi zilizopo, akatoka. Churchill huyo huyo alikuwa ametembelea Kenya mwaka 1907. Himaya moja, kizazi kimoja, na madaftari mawili yasiyofanana kabisa.)

Ukaja uhuru. Desemba 1963 bendera ikapandishwa, na miezi miwili baadaye serikali mpya ilikuwa na tatizo mlangoni: vijana wengi hawana kazi, baadhi ya walowezi wanaondoka, na wenye mitaji wanasitasita. Februari 1964 serikali, shirikisho la waajiri na shirikisho la vyama vya wafanyakazi vikakubaliana. Waajiri binafsi wangeongeza wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama vingekaa mwaka mzima bila migomo wala madai ya nyongeza za mishahara. Wasio na kazi waliambiwa waje wajiandikishe.

Wakaja. Walijiandikisha zaidi ya watu 200,000, na waliopata kazi hawakufika hata robo. Wengi wa waliopanga foleni hawakuwa mjini siku ya tangazo. Walilisikia wakiwa mashambani, wakapanda gari. Waajiri nao, waliotimiza asilimia 10 yao, waliwaacha waliostaafu na walioondoka bila kujaza nafasi zao, na baada ya muda hesabu ikarudi karibu na ilipokuwa. Mwaka 1970 tukafanya tena, safari hii asilimia 10 kwa kila upande. Walijiandikisha karibu 290,000, na waliopata nafasi ni chini ya 50,000.

Hapa ndipo historia yetu ikaingia kwenye vitabu vya uchumi vya dunia nzima, jambo ambalo wengi hatukufundishwa shuleni. Wachumi wawili wa Marekani, John Harris na Michael Todaro, walikuwa wamefanya utafiti wakiwa Nairobi katika miaka ya 1960, na mwaka 1970 walichapisha makala inayoeleza kwa nini kuongeza kazi mjini kunaweza kuongeza wasio na kazi. Ukiiona mara ya kwanza unadhani ni mzaha, basi tuifanye kwa vidole.

Tuseme shamba linakupa shilingi 100 na kazi ya mjini inalipa 250. Huendi mjini kwa sababu ya 250 peke yake. Unazidisha na bahati ya kuipata. Ikiwa watu wanne kati ya kumi mjini wana kazi, bahati yako ni 0.4, mara 250 ni 100, sawa na shamba. Hapo hakuna sababu ya kuhama wala kurudi. Mji wetu una nafasi 40 na watu 100, kwa hiyo 60 hawana kazi. Sasa serikali inaongeza nafasi 10. Nafasi ni 50, bahati imepanda, mashambani wanasikia. Watakuja hadi bahati irudi 0.4, yaani hadi mji uwe na watu 125. Wenye kazi 50, wasio na kazi 75. Umeongeza kazi kumi ukaongeza wasio na kazi kumi na watano. Namba hizi ni zangu za mfano tu, lakini mtu anaweza kuziweka kwenye lahajedwali akacheza nazo jioni nzima, nami nilifanya hivyo.

Ninachokipenda katika makala ile ni kwamba haiwaoni watu wa mashambani kama mafuriko. Inawaona kama watu wanaopiga hesabu, na hesabu yao ni sahihi. Kasoro ilikuwa kwa aliyedhani idadi ya wanaotafuta kazi imesimama ikimngoja aihesabu. Daftari lilipofunguliwa, lenyewe likawa tangazo.

Lakini hata Harris na Todaro waliacha shimo moja. Katika mji wao mtu ama ana kazi ya mshahara ama hana kitu. Ukimweleza mtu wa Gikomba hivyo atakucheka. Wale watu 60 wa mfano wangu wanakula nini?

Jibu lilikuja mwaka 1972. Shirika la Kazi Duniani lilituma ujumbe wa wataalamu Kenya, chini ya Hans Singer na Richard Jolly, kuchunguza ukosefu wa ajira. Walipotembea mitaani hawakuona watu waliokaa bure. Waliona maseremala, mafundi wa viatu, wauza chakula, wanaofua vyuma na kubadilisha makopo kuwa taa, watu wanaofanya kazi kutoka alfajiri hadi usiku na bado ni maskini. Ripoti yao ilisema shida kubwa ya Kenya si watu wasio na kazi tu, ni watu wenye kazi isiyowalipa vya kutosha. Sehemu hiyo ya uchumi waliiita sekta isiyo rasmi, jina ambalo mwanaanthropolojia Keith Hart alikuwa ameanza kulitumia kutokana na utafiti wake Accra, nchini Ghana. Ripoti ya Kenya ndiyo iliyolisambaza duniani. Waliishauri serikali iache kuwabomolea vibanda na ilegeze leseni.

Serikali iliijibu kwa waraka wa bunge namba 10 wa 1973, lakini mabomoko hayakukoma kwa sababu ya waraka. Jina letu wenyewe, jua kali, liliingia kinywani mwa serikali baadaye. Mwaka 1985 Rais Moi alikwenda Kamukunji, akawaona mafundi wakigonga mabati juani, na akaahidi vivuli. Waraka wa bunge namba 2 wa 1992 ukalitaja jua kali hadi kwenye kichwa chake. Kutoka kujiandikisha kwa mwaka 1964 hadi hapo ni miaka 28. Kwa muda wote huo fundi aliyekuwa akifanya kazi mbele ya macho ya kila mtu alikuwa, katika madaftari mengi ya ajira, "hana kazi" au "nyinginezo".

Na si wachache. Takwimu za serikali za mwaka 2023 zinaonyesha watu wapatao milioni 20 wenye kazi nje ya kilimo kidogo na ufugaji, na kati yao kama milioni 16.7 wako sekta isiyo rasmi, yaani zaidi ya wanane katika kila kumi. Programu yangu ya zamani iliandikwa kwa ajili ya wale wawili waliobaki.

Utaniambia: si kuna orodha ya kimataifa ya kazi? Ipo, na si mbaya. Shirika la Kazi Duniani lilianza kuizungumzia mwaka 1923, toleo la kwanza likatoka 1958, na la mwaka 2008 lina makundi madogo 436. Nimekaa nayo jioni kadhaa. Anayeuza barabarani vitu visivyo chakula ana namba 9520. Anayesukuma mkokoteni au kuendesha baiskeli ya abiria ana 9331. Hata mtu wa vibarua vya hapa na pale ana yake, 9622. Kwa hiyo majina yapo. Lakini jaribu kumwingiza yule mzee wangu. Kuchomelea ni 7212, kupaka rangi 7131, majiko ya bati 7213, na shamba la Machakos lina namba yake pia. Mtu mmoja, namba nne, na fomu ina nafasi ya moja.

Hapo ndipo naona kosa langu lilikuwa la muundo, si la orodha. Nilidhani kila mtu ana kazi moja kama vile kila mtu ana tarehe moja ya kuzaliwa. Nilipanga safu moja ndani ya jedwali la watu, badala ya jedwali la pili ambalo mtu anaweza kuwa na mistari minne, kila mmoja na miezi yake na mahali pake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Nililijua mimi pia, kwa maagizo ya dukani na kwa vitabu vya maktaba. Kwa watu sikufikiria.

Huduma nyingi zimekuja tangu wakati huo. Katika miaka ya 2000 kulikuwa na Kazi560 iliyotuma nafasi za kazi kwa ujumbe mfupi wa simu, na mwaka 2016 bunge lilipitisha sheria iliyounda mamlaka ya kitaifa ya ajira. Fundi anayetaka karatasi anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali, daraja la tatu hadi la kwanza, hata kama hakukanyaga chuo. Hilo nalipenda kuliko tovuti zote, kwa sababu linampa mtu jina ambalo mwajiri asiyemjua anaweza kulisoma, na cheti anakaa nacho mwenyewe.

Nimeanza kuiandika upya programu ile, jioni jioni, bila mteja. Mtu anajieleza kwa maneno yake, anaweka ujuzi mwingi anavyotaka, anasema yuko wapi na miezi ipi. Mshahara wa zamani hakuna mahali pa kuuandika; safu hiyo nimekataa kuiweka. Na anayetafuta kazi ndiye anayebisha kwanza.

Nimekwama kwenye maneno. Mwajiri wa Nairobi anatafuta "mtu wa mjengo", wa Mombasa anaandika "mwashi", mwingine "fundi wa mawe", na mashine inadhani ni watu watatu. Makanga na manamba vivyo hivyo. Nahitaji orodha ya majina ya kazi kama yanavyosemwa kwenu, Kisumu, Lamu, Garissa, Eldoret, hata ya lugha za nyumbani mkinipa na maana yake. Mwenye nayo aniandikie. Nimeshakusanya 112, na kati ya hizo saba ni za watu wanaotengeneza viatu.